Maji Mengi na Damu Chapwa

Watu wa mtaa walimwita Baba Bomba, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukagua bomba la maji. Bomba hilo lilianzia kwenye chemchemi mlimani. Liliteremka kilomita ishirini na nne mpaka kwenye tangi la mji. Kila kilomita ilikuwa na nguzo fupi ya saruji yenye namba, kuanzia juu chemchemini.

Siku tatu kwa wiki, gari la ofisi lilimpeleka chemchemini alfajiri. Kutoka hapo alishuka kwa miguu, peke yake, na mfuko wa spana begani. Alitazama kama bomba linavuja. Alikaza nati. Aliandika kwenye daftari. Alasiri alifika nyumbani, na mke wake alikuwa amekwisha kumwekea chakula.

Chakula hicho hakikuwa na chumvi hata chembe.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na shinikizo la damu. Kituo cha afya kilimshauri apunguze chumvi. Siku hiyo Baba Bomba aliondoa kopo la chumvi mezani kwa mkono wake mwenyewe.

"Mke wangu, sisi tumekula chumvi nyingi pamoja," alisema akicheka. "Sasa tutaiacha pamoja."

Alifanya hivyo kwa upendo. Nani angeona kosa hapo?

Kisha likaja joto kali. Msimamizi wa kazi aliwaita wakaguzi wote ofisini.

"Jua la mwaka huu si la mchezo," alisema. "Kunyweni maji mengi. Msisubiri kiu."

Baba Bomba alikuwa mtu wa namba. Maji mengi ni kiasi gani? Hakuna aliyesema. Basi akajitungia sheria: kila nguzo, kikombe kimoja. Alikuwa na kikombe cha bati, na vikombe vitatu vilijaza lita moja. Kiu ipo, kiu haipo, alikunywa. Chupa ikiisha aliijaza kwenye koki za bomba. Mchana hakula kitu. Tumbo lilikuwa limejaa maji, chakula kingekaa wapi?

Wiki ya pili ya joto, alasiri moja, mke wake alisikia mlango ukibishwa. Alifungua. Mumewe alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi.

"Samahani, mama," alisema kwa adabu. "Mwenye nyumba yupo?"

Mke wake alicheka. "Yupo. Ndiye huyo aliyesimama mbele yangu na viatu vyenye matope."

Baba Bomba hakucheka. Aliingia, akakaa chini, akavua kiatu kimoja. Halafu akaanza kuuvisha mguu wa kiti kiatu hicho.

"Baba, unafanya nini?"

"Namvisha. Ana safari ndefu."

Kicheko kilimkauka mama wa watu. Alimsogelea akamnusa mdomo. Hakuna harufu ya pombe. Wala mumewe hakuwa mtu wa pombe. Alimshika mkono. Vidole vilikuwa vimevimba, na pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye nyama.

"Kichwa kinaniuma," alisema Baba Bomba. "Na tumbo linataka kutapika."

"Ni jua hilo. Kunywa maji."

Akampa kikombe cha maji. Akampa cha pili. Baba Bomba akatapika, kisha akalala kama gogo. Mke wake alikaa pembeni ya kitanda akimwomba Mungu. Hakujua aombee ugonjwa gani. Asubuhi mumewe aliamka akiwa mzima, hakumbuki kiatu wala kiti.

Kesho kutwa yake mambo yakawa mabaya zaidi. Msimamizi mwenyewe alimkuta Baba Bomba karibu na nguzo ya kumi na saba, akipanda mlima badala ya kushuka. Kwenye daftari alikuwa ameandika nguzo ya kumi na sita mara tatu.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Nyumbani," alijibu Baba Bomba, akionyesha kilele cha mlima.

Msimamizi alimrudisha kwa gari. Mlangoni alimwambia mke wake, "Baada ya wiki tatu tuna ukaguzi mkubwa. Tutapanda na kushuka kwa miguu, siku mbili, na mimi nitakuwepo. Mume wako akichanganyikiwa tena, nitamweka kwenye geti la ofisi afungue na kufunga. Siwezi kumwacha mtu afie mlimani."

Kumweka Baba Bomba getini ilikuwa sawa na kumfunga. Miaka kumi na tisa alikuwa akilitembelea bomba lile. Lakini mke wake hakuwaza geti. Aliwaza lile neno la mwisho.

Jumamosi akaja kaka wa mke wake, ambaye alikuwa kinyozi. Kinyozi husikia habari zote za mji, na huyu aliziamini zote.

"Shemeji, nasikia umehamia kwa kina chizi bila kuaga," alisema akivuta kiti.

"Nilitaka kukuandalia nafasi, shemeji."

"Sikiliza. Mteja wangu mmoja hukimbia mbio ndefu. Anasema dawa ni chumvi na sukari kwenye maji. Dada, lete chumvi."

"Chumvi?" Dada yake aliruka. "Chumvi ni sumu! Niliambiwa kituoni kwa masikio yangu."

"Wewe uliambiwa. Yeye aliambiwa?"

Dada yake akanyanyuka. Alikwenda kwa jirani kuomba chumvi, kwa kuwa nyumbani haikuwepo. Kinyozi akachota kijiko kimoja cha kulia, kimejaa mpaka kikawa na kilima. Akakimimina kwenye kikombe kimoja cha maji. Akaongeza sukari, akakoroga.

Baba Bomba alipiga funda moja. Macho yakamtoka. Alikimbilia uani, wakamsikia akitapika.

"Unaona?" alisema dada mtu. "Unataka kuniulia mume!"

"Labda sukari ilikuwa ndogo," alisema kinyozi kwa sauti ya chini.

Sasa wote watatu walikuwa gizani. Maji mengi, mtu anapotea. Chumvi, mtu anatapika. Mmoja anasema jua, mwingine anasema chumvi. Mke wake alisali tena, na safari hii aliomba kitu kimoja tu: "Mungu wangu, nipe mtu wa kumwuliza." Alipomaliza akakumbuka kwamba Jumatatu ni siku yake ya kupimwa. Akajiona mjinga. Mtu wa kumwuliza alikuwepo siku zote, na yeye hajawahi kuuliza.

Jumatatu alikaa mbele ya nesi wa kituo cha afya. Nesi alikuwa msichana mwenye sauti kubwa na mikono myepesi. Alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akaanza kupampu.

"Nesi, mume wangu anachanganyikiwa akitoka kazini. Kichwa kinauma, vidole vinavimba. Nampa maji lakini hayasaidii."

"Anakunywa kiasi gani akiwa njiani?"

"Mengi sana!" alisema kwa fahari. "Kikombe kila nguzo. Vikombe ishirini na vinne. Lita nane."

Nesi aliacha kupampu.

"Na anakula nini?"

"Njiani hali. Nyumbani anakula nilacho mimi, bila chumvi."

"Mama, ungemleta siku ileile. Tena mbio." Nesi alivuta kiti karibu. "Niambie, umewahi kulamba jasho?"

"Nesi, na wewe!"

"Jibu tu. Lina ladha gani?"

"La chumvi."

"Chumvi hiyo ilitoka wapi?"

Mama alifikiri. "Mwilini."

"Sasa chukua sufuria ya mchuzi. Kila saa unachota kidogo unamwaga. Halafu unaijaza kwa maji matupu. Unachota tena, unajaza tena. Jioni mchuzi utakuwaje?"

"Utakuwa chapwa."

"Basi. Tuseme damu ya mume wako imekuwa chapwa. Jasho limetoa chumvi, na yeye amerudisha maji peke yake, tena kupita kiasi. Ubongo na misuli vinahitaji chumvi ili vifanye kazi. Chumvi ya damu ikipungua sana, maji huingia kwenye ubongo, nao huvimba. Ndiyo maana alibisha hodi nyumbani kwake. Hali hiyo huweza kuua."

Mama alikumbuka vile vikombe viwili alivyompa kwa mkono wake.

"Lakini nesi, mimi sielewi. Chumvi kwangu ni sumu. Kwake inakuwaje dawa?"

"Wewe unashona umekaa kivulini, na shinikizo lako liko juu. Yeye anatokwa na jasho kwa muda wa saa saba. Mnalala kitanda kimoja, lakini miili ni miwili. Mlete nimpime kwanza. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asijiongezee chumvi kabla ya kuuliza."

Kesho yake walikuja wote. Kipimo cha Baba Bomba kilikuwa sawa. Nesi alitoa pakiti ya ORS, ile wanayopewa watu wenye kuharisha.

"Pakiti nzima, lita moja kamili ya maji safi," alisema. "Si nusu pakiti, wala si kikombe kimoja. Ukikosa pakiti, tengeneza nyumbani. Lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo."

"Kijiko kipi?" aliuliza mama haraka. "Kaka yangu alitumia cha kulia, na kilikuwa na kilima."

Nesi alishika kichwa. "Kaka yako anyoe nywele tu! Ni kijiko cha chai. Unachota, unapitisha kisu juu, kinakuwa sawa. Chumvi ikizidi nayo ni hatari. Onja: isizidi ladha ya machozi."

"Kwa hiyo ninywe hiyo kila nguzo?" aliuliza Baba Bomba, kalamu mkononi.

"Hapana, mzee! Nguzo haina kiu. Wewe ndiye mwenye kiu. Kunywa ukisikia kiu, na ukitosheka acha. Beba chupa mbili, moja ya maji, moja ya mchanganyiko, uwe unabadilisha. Na ule njiani. Karanga zenye chumvi, ndizi, viazi vya kuchemsha. Mwendo wa saa moja hauhitaji haya yote. Mwendo wa siku nzima juani unahitaji."

"Na akichanganyikiwa tena?" aliuliza mama.

"Usimpe maji. Mpeleke hospitali upesi, na useme alikunywa kiasi gani."

Baba Bomba aliandika yote. Ila aliona shida kusikiliza kiu. Miaka yote alikuwa amesikiliza namba. Wiki ya kwanza alisimama kwenye kila nguzo kama mtu aliyesahau kitu, akajiuliza, "Je, nina kiu?" Mara nyingine hakujua. Taratibu alianza kujua. Na alifika nyumbani akiwa na akili zake, vidole vyembamba, njaa kali.

Siku ya ukaguzi mkubwa ilifika. Baba Bomba alipanda mbele, spana zikigongana begani, na Msimamizi nyuma yake. Kwenye nguzo ya ishirini Msimamizi alisema, "Kunywa, mzee."

"Bado sina kiu, bosi."

"Nilisema msisubiri kiu."

"Ulisema, bosi. Na niliitii sheria hiyo mpaka nikapotea."

Msimamizi alikunja uso. Hakuzoea kujibiwa hivyo, na Baba Bomba hakuzoea kujibu. Waliendelea kupanda mpaka nguzo ya kumi na sita. Hapo Baba Bomba alikaa kwenye jiwe, akanywa mchanganyiko, akala viazi na karanga. Akamweleza bosi wake yote: jasho, chumvi, mchuzi uliokuwa chapwa.

"Kwa hiyo maji ni mabaya?" aliuliza Msimamizi, amechanganyikiwa kabisa.

"Maji ni mazuri, bosi. Hata mimi nilishangaa. Ubaya ni kuyanywa kama adhabu."

Siku ya pili, wakishuka, Msimamizi alipita nguzo ya kumi na nane bila kuona kitu. Baba Bomba alisimama. Alipiga magoti, akafukua udongo kwa vidole. Chini yake palikuwa na unyevu, na maungio ya bomba yalikuwa na ufa mwembamba kama uzi.

"Umeonaje?" aliuliza Msimamizi.

"Majani ya hapa ni mabichi kuliko ya pale."

Msimamizi alitazama majani, akatazama daftari la mzee. Nguzo zote zilikuwa zimeandikwa kwa mpangilio, namba moja moja. Hakusema habari ya geti tena. Alinyoosha mkono akaomba karanga.

Alasiri hiyo Baba Bomba alifungua mlango wa nyumbani bila kubisha. Alinawa, akakaa, akaanza kusimulia. Alisimulia nati ya nguzo ya tatu, ambayo ilikuwa na kutu. Akasimulia koki ya nguzo ya saba, na jinsi alivyoikaza. Nguzo ya kumi na moja haikuwa na tatizo, lakini aliieleza pia. Ilikuwa hadithi ndefu, ya spana na kutu na udongo, na haikuruka nguzo hata moja.

Mke wake alizima cherehani ili asikie vizuri.

"Na nguzo ya kumi na mbili?" aliuliza.