Wanawake Wanne wa Nyumba ya Mwisho

Kila asubuhi Mama Pilipili alikinga maji ndoo mbili, akamwogesha binti yake, akapika uji, kisha akatoka kutafuta kazi. Binti alikuwa na miaka mitatu na hasira za karibu. Ndiyo maana aliitwa Pilipili. Baba yake alikuwa mwalimu. Alihamishiwa shule ya kisiwani, na familia ikamfuata, kwani iendako sindano, uzi hufuata.

Kisiwa kilikuwa kidogo. Ukitia chai kwenye chupa ukaanza kukizunguka, unarudi ulikotoka chai bado ya moto. Kulikuwa na barabara moja ya sementi. Kando yake vilipangana duka, tanuri la mikate, chumba cha cherehani, nyumba ya wageni, posta, zahanati na shule. Nyumba waliyopewa ilikuwa ya mwisho kabisa, barabara inapoishia kwenye mawe.

Mama Pilipili alikuwa fundi bomba. Miaka tisa alifanya kazi mjini kwa mkandarasi mmoja. Alipoaga, mkandarasi alimwambia, “Nafasi yako naishikilia hadi tarehe thelathini. Usiporudi, namweka mwingine.”

Mshahara wa Mwalimu peke yake haukutosha watu watatu. Basi walikubaliana hivi: asipopata kazi kisiwani hadi tarehe thelathini, atarudi mjini na mtoto. Mwalimu atabaki peke yake. Hakuna aliyeupenda mpango huo, lakini hakuna aliyekuwa na mwingine.

Tarehe ilikuwa ishirini na moja.

Mama mkwe alikuwa amemwonya. “Huko watu ni wa zamani. Ukisema wewe mwanamke ni fundi bomba, watakucheka mpaka jino la mwisho lionekane.” Kwa hiyo Mama Pilipili alificha ufundi wake. Kwenye chumba cha cherehani alisema yeye ni fundi wa kushona. Kwenye nyumba ya wageni alisema ni mpishi. Shuleni alisema anajua kupiga chapa. Mjini watu wengi hufanya hivyo, na hakuna anayejua.

Kisiwani walimjibu kwa upole. “Tutakuita.” Hakuna aliyemwita. Kisha upole nao ukakauka. Akipita, mazungumzo yalikatika. Pazia liliinuka, likashuka.

Siku hiyo aliingia kwa mwoka mikate.

“Habari za asubuhi, kaka. Naomba mkate mmoja.”

“Nzuri.” Mwoka mikate alimtazama usoni, kisha akatazama nyuma ya bega lake. “Leo umetoka peke yako?”

“Mume wangu yuko shuleni na mtoto.”

“Sisemi mume. Wenzako.”

“Wenzangu gani?”

Mwoka mikate aliinua vidole, kimoja kimoja. “Mshonaji. Mpishi. Mpiga chapa. Na wewe, mama mtoto. Tumesikia wanawake wanne wameingia nyumba ya mwisho. Tunamwona anatoka mmoja tu.”

Hakucheka. Alifunga mikate kwenye karatasi, akamsogezea. Barabarani Mama Pilipili alifungua karatasi. Mlikuwa na mikate minne.

Mchana Mwalimu alirudi na mkoba wake umejaa karatasi.

“Niliwaambia watoto wachore nyumba wanayoijua,” alisema. “Tazama.”

Watoto sita walikuwa wamechora nyumba ileile. Ilikuwa nyumba ya mwisho. Dirishani mlikuwa na vichwa vinne vya wanawake, vyote sawasawa. Na ndani ya ukuta, katikati ya matofali, kila mtoto alichora mkono uliokunja ngumi.

“Mimi hata sikuchorwa,” Mwalimu alisema.

Walijua habari ya mkono ule. Kila siku saa kumi alasiri, jua likiwa kali, ukuta wa nyumba yao uligonga. Ngo! Ngo! Ngo! Kisha ulitoka mlio mrefu, kama mtu anayeugulia ndani ya pipa. Mlio haukumtisha Mama Pilipili. Masikio ya fundi yaliutambua siku ya kwanza: maji yalikuwa yakipiga ndani ya bomba. Lakini alikuwa ameficha ufundi wake, na bomba halikuwa lake. Akanyamaza.

Kilichomtisha ni watu. Kila saa kumi walitoka nyumbani mwao. Walisimama milangoni, mikono ubavuni, wakitazama nyumba ya mwisho. Mlio ulipokwisha, waliingia ndani bila neno. Aliyeacha kitunguu nusu alirudi kukimalizia.

Alasiri hiyo, kabla ya saa kumi, jirani alibisha hodi. Alikuwa karani wa posta, mwanamke mwembamba mwenye miwani na ulimi mkali.

“Barua yako, jirani. Sikuifungua. Ila bahasha ina mhuri, na mhuri nimeusoma, macho hayana pazia. ‘Mkandarasi wa Mabomba.’ Sasa niambie, huyu anayeandikiwa na watu wa mabomba ni nani? Wa tano?”

Mama Pilipili alifungua bahasha: mkandarasi alimkumbusha fundi wake wa miaka tisa tarehe thelathini. Aliona aibu. Akamweleza yote.

Karani wa posta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. “Dada yangu, ulidhani uko mjini. Huku mshonaji wa cherehani ni dada wa mpishi wa nyumba ya wageni. Mpishi ameolewa na mlinzi wa shule. Uliwaambia watu watatu mambo matatu, na jioni ileile waliketi sahani moja. Hawakusema ‘huyu mama ni mwongo.’ Ingekuwa afadhali. Walisema ‘mle ndani wako wanne.’ Kwa nyumba hii, hawakushangaa.”

“Nyumba hii ina nini?”

“Alikaa humu marehemu mwalimu mkuu. Alifia humu, miaka miwili sasa. Mwezi uliofuata akaanza kubisha. Alikuwa mtu wa saa, yule. Saa kumi ndiyo alikuwa akigonga kengele ya kufunga shule.”

Mama Pilipili alifikiri kidogo. “Mwezi huo kisiwani kulibadilika kitu gani kingine?”

“Hakuna.” Karani alirudisha miwani usoni. “Ah. Walitoa pampu ya dizeli. Wakaweka ya umeme.”

“Inazimwa saa ngapi?”

Ukuta ulimjibia. Ngo! Ngo! Ngo! Karani alimshika Mama Pilipili mkono kwa nguvu, kucha zikaingia.

“Sikiliza,” Mama Pilipili alisema taratibu. “Maji yanakwenda mbio ndani ya bomba. Pampu ya dizeli ilipozimwa, ilipungua polepole, na maji yakapungua nayo. Ya umeme inakatika ghafla. Maji yanarushwa mbele, kisha yanarudi kwa kishindo, kama abiria gari likifunga breki. Nyumba hii iko mwisho wa bomba, basi kishindo kinaishia hapa. Vibano vya bomba vimelegea, linapiga ukuta. Ule mlio wa kuugua ni mpira wa koki uliochakaa.”

Kucha zililegea. “Na unaweza kuunyamazisha?”

“Ni kazi ya siku moja.”

“Basi huna haja ya kuomba kazi ovyo. Huku hakuna tangazo la kazi ukutani. Kwanza unakwenda ofisi ya kisiwa, unaandikisha jina na ufundi wako mmoja, ule wa kweli. Unapeleka cheti na barua hii ya bosi wako. Kisha unaomba ruhusa ufanye kazi moja mbele ya macho ya watu. Ukiifanya vizuri, midomo yetu itakutangaza kuliko redio. Lakini kabla ya hayo, rudi kwa wale watatu uwaambie ukweli.”

Asubuhi alirudi kwa wale watatu. Mshonaji alimsikiliza sindano ikiwa imesimama. “Kwa hiyo ni wewe mmoja tu?” aliuliza. Kisha akauliza tena.

Ofisini, msimamizi wa kisiwa alisoma cheti mbele na nyuma. Aliandika jina lake daftarini, akatoa ruhusa, akamwita mwendesha pampu.

“Mama,” mwendesha pampu alisema, “hilo si bomba, hilo ni marehemu. Utamfunga kwa spana?”

“Akishikika, nitamfunga.”

Watu walisimama mbali wakatazama. Mama Pilipili alibadilisha mpira wa koki. Alikaza vibano na kuweka kipande cha mpira chini ya kila kimoja. Mwisho wa bomba aliunga kipande kifupi kilichosimama wima, akakiziba juu.

“Humu nimefungia hewa,” aliwaambia. “Hewa ni kama godoro. Maji yatagonga godoro badala ya ukuta.”

Kwa mwendesha pampu alisema, “Kabla ya kuzima, funga koki kubwa polepole. Hesabu hadi thelathini. Ndipo uzime.”

Saa kumi ilipokaribia, milango ikafunguka. Watu walisimama, mikono ubavuni. Mwoka mikate alikuwa na unga hadi viwikoni. Saa ya posta iligonga kumi.

Ukuta haukusema kitu.

Walingoja. Dakika moja. Tatu. Hatimaye karani wa posta akasema kwa sauti, “Kumbe tulikuwa tukiyaamkia maji kama mwalimu mkuu!” Mtu mmoja akacheka, kisha wengi.

Tarehe ishirini na tisa msimamizi alimpa Mama Pilipili barua ya ajira: fundi wa maji wa kisiwa. Naye alimwandikia mkandarasi kumshukuru, na kumwambia amweke mwingine. Pilipili alibaki na baba yake, na baba na mkewe. Asubuhi mwoka mikate alimfungia mkate mmoja.

Hata leo ukuta ule uko kimya. Lakini saa kumi ikigonga, milango bado hufunguka. Watu hutoka, husimama, husikiliza kimya hadi kiishe, kisha hurudi ndani. Ukimuuliza Mama Pilipili sababu, atakueleza habari za pampu, koki na hewa, na kila neno ni kweli.

Naye atakueleza akiwa amesimama mlangoni, mikono ubavuni.