Nne Si Hatua ya Nne

Mwoka mikate alikuwa akikanda unga huku ameegemea mguu mmoja. Unyayo wa mguu wa pili ulikuwa na nyuzi za mshono. Hospitalini walikuwa wamelikata doa jeusi lililokuwa likitanuka pale bila kuuma, wakaenda kulipima.

Shemeji yake, fundi redio, aliingia na majibu aliyotumwa kuyachukua. Siku hiyo hakuanza kwa utani.

"Shemeji, ni melanoma. Saratani ya ngozi. Wamekupangia upasuaji kesho kutwa. Na hapa pameandikwa nne."

"Nne ya nini?"

"Saratani ina hatua nne. Ya nne ndiyo ya mwisho."

Mikono ya mwoka mikate ikatulia ndani ya unga. "Basi maji yamezidi unga. Kesho kutwa siendi kwenye upasuaji. Wanikate mguu wa nini, kama safari yenyewe imekwisha?"

"Usiseme hivyo mbele ya mikate, itagoma kuumuka."

Hakuna aliyecheka.

Lakini mwanamke huyu hakuzoea kuamini asichokiona. Asubuhi alimburuta shemeji hadi maabara, kwa daktari aliyeandika majibu yale. Daktari hakumpa pole nyingi. Aliweka kipande cha kioo chini ya hadubini ya watazamaji wawili.

"Tazama, mama. Hizo ni seli za lile doa. Unaiona iliyobanwa katikati?"

"Kama donge ninalolikata mara mbili."

"Ndiyo. Inagawanyika ziwe mbili. Pale zilipozidi, nilihesabu nne za namna hiyo katika milimita moja ya mraba. Nne ni kasi, siyo hatua."

"Hatua mnaijuaje?"

"Tunapima doa limezama kina gani ndani ya ngozi. Tunaangalia kama juu pamefanya kidonda, na kama ugonjwa umesambaa. Lako ni jembamba, halijafika milimita moja, wala halina kidonda."

Shemeji akadakia, "Sasa hiyo kasi mnaiandika ya nini? Kututia presha?"

"Zamani ilisaidia kupanga hatua ya melanoma nyembamba. Siku hizi haipangi hatua, ila inaonyesha ukali wa ugonjwa. Mama, madonge mawili ya unene mmoja huumuka sawa?"

"Wapi. Lenye hamira kali silipi kisogo."

"Nasi hatulipi kisogo. Kwa kasi hii, daktari wa upasuaji ataongeza kukata ngozi pembeni ya palipokuwa na doa, na atatoa tezi ya kinenani, inayopokea majimaji ya mguu, tupime kama ugonjwa umefika huko. Mguu haukatwi."

Mwoka mikate alirudisha jicho kwenye hadubini. Mtu alikaa hapa, akasogeza kioo polepole, akatafuta mahali pabaya zaidi, akahesabu bila kuongeza wala kupunguza.

"Nawe hukosei?"

"Nikiwa na shaka, mwenzangu huhesabu upya."

Jibu hilo lilimridhisha kuliko kiapo. Siku ya upasuaji alifika mapema.

Tezi ilikutwa safi. Hatua ikathibitishwa: ya kwanza. Unyayo ulipopona alirudi kwenye tanuri, na kliniki ya kuchunguzwa ngozi hakuikosa. Kisha akamgeukia shemeji.

"Vua viatu."

"Mimi?"

"Nionyeshe nyayo, viganja na kucha. Doa jipya, au linalokua, au linalobadilika rangi, tunalipeleka hospitali hata kama haliumi."

"Shemeji, zinanuka."

"Nitaziba pua. Vua."