Magala Hayumo Zizini

Simu ililia mara moja, ikakatika. Ikalia tena.

"Maziwa yamechacha," ilisema sauti kutoka Nairobi.

"Nipe saa," Kabale akajibu.

"Kumi jioni. Una dakika arobaini, ajenti."

Kabale akakanyaga mafuta. Probox nyeupe ikaruka matuta ya mtaa wa Wabera, bastola ya Glock ikimgonga kiunoni chini ya buibui.

Ilikuwa siku ya tatu tangu wamzike kakake, Waqo. Pikipiki isiyo na namba ilimgonga akitoka kazini. Watu wakasema ni ajali. Kabale akapekua mifuko ya shati lake.

Waqo alikuwa fundi wa chipu, zile kompyuta ndogo kama punje ya mahindi. Chipu zake zilifukiwa kando ya barabara kule Ngaremara, zipime uzito wa malori yanayokwepa kizuizi cha polisi. Lori zito likipita, polisi wanapata habari. Saa kumi chipu zote zingetumiwa programu mpya. Na wauza bunduki walikuwa wamesikika kwa simu wakisema: leo saa kumi na moja tunapita, chipu zitakuwa vipofu.

Vipofu vipi? Hilo ndilo alilotumwa kujua.

Ofisini alimkuta Adano peke yake. Binamu yao. Ndiye aliyeshika kazi ya Waqo.

"Salaam aleikum, Adano."

"Aleikum salaam, dada. Umekuja kuchukua vitu vyake? Pole. Mimi hata usingizi sipati."

"Nionyeshe tu kazi yake ya mwisho. Nimuage."

Adano alifungua ThinkPad. "Hii ni kompaila. Sisi tunaandika programu, yenyewe inaigeuza kuwa lugha ya chipu. Hatuipeleki porini hivi hivi. Tunaijaribu kwanza kwa simuleta, chipu ya kuigiza, humu humu ndani ya kompyuta. Ona, majaribio yote yamepita."

Mistari ya kijani ikashuka.

Dima, imepita. Bure, imepita. Dalacha, imepita.

Kabale akasogea karibu. Waqo aliyapa majaribio majina ya ng'ombe wa baba yao.

"Yako mangapi?"

"Nani anajua? Waqo huyo hakuhesabu kitu!" Adano akacheka kidogo. "Mborana ni Mborana, hata na laptopu."

Kweli. Kwao mifugo haihesabiwi, kuihesabu ni kukaribisha kijicho cha watu. Jioni unasimama mlangoni mwa zizi, unaita majina, ujue nani hayumo. Lakini Adano alilelewa mjini na Akko, nyanya yao. Zizini hakulala hata siku moja.

Kabale akasoma tena, pole pole, kama baba yake mlangoni.

"Magala yuko wapi?"

"Nani?"

"Ng'ombe mzito kuliko wote."

Adano akatazama mlango.

Kabale akachomeka flashi. Ilitoka mfukoni mwa shati la Waqo, damu bado iko pembeni. Ndani kulikuwa na jaribio moja tu. Akalitia kwa simuleta.

Magala. IMESHINDWA. Uzito uliowekwa: kilo elfu thelathini. Jibu: sifuri.

"Mmeitia kompaila sumu," alisema. "Lori zito linasomeka kama hakuna kitu. Waqo aliona. Ukafuta Magala. Halafu ulimpigia nani simu, Adano?"

Mkono wa Adano ukaenda kwa droo.

Glock ilifika kwanza.

"Usijaribu. Nitakulilia, lakini nitapiga."

Adano akaanza kulia. "Walisema watamtisha tu. Wallahi, kumtisha tu."

"Na jeneza ukabeba mbele."

Kabale akabonyeza redio. "Simamisha programu mpya. Chipu zibaki na ya zamani."

"Imesimama."

Maafisa walikuja wakamchukua Adano. Saa kumi na moja na dakika tano redio ikakohoa.

"Chipu ya Ngaremara imelia. Lori tunalo. Bunduki chini ya magunia ya mchele. Kazi safi, ajenti."

"Sawa."

Alivaa miwani ya jua, akaacha gari, akatembea kwa miguu mpaka mtaa wa Bulla Pesa. Hakuharakisha.

Akko alikuwa mlangoni na birika, na vikombe vitatu juu ya sinia. Wajukuu wake pia hakuwahi kuwahesabu. Aliwaita tu, kila jioni, chai ikiwa tayari.

"Kabale?"

"Niko, Akko."

"Waqo..." Mdomo ulizoea kumwita. Akko akakipindua kikombe cha Waqo juu ya sinia. Akashika cha tatu.

"Adano?"

Kabale alikichukua kikombe mkononi mwa Akko, taratibu, naye akakipindua.