Mama Kasika Anabadilisha Taa ya Nje

Mama Kasika alikuwa mkunga mjini Butembo. Kila jioni alifagia chumba cha wazazi, akachemsha maji, kisha akawasha taa ya ukutani nje ya mlango. Wanawake wenye uchungu waliiona taa hiyo tangu bondeni, wakajua pa kuelekea.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Mume wake, Maliro, alikuwa amekwama mjini Kayna na magunia yake ya maharage, maana barabara ilifungwa. Mvua nayo haikuwa na huruma. Iliingia ndani ya ile taa kuukuu, ikala chuma, na taa ikafa.

Jioni moja alikuja Léa, mke wa mwashi. Katika giza aliteleza kwenye ngazi za udongo, akaangukia mkono. Mtoto alizaliwa mzima, lakini mkono wa mama ulivunjika. Kasika aliufunga huku moyo ukimchoma.

"Hapana, sitangoja Maliro," alisema.

Kesho yake alinunua taa mpya, akaegemeza ngazi ya mbao ukutani, akapanda na kisu mkononi.

"Mama Kasika! Hapana gusa!"

Aliyepiga kelele ni Hadidja, jirani yake. Hadidja aliuza vifaa vya umeme sokoni, na baba yake alikuwa amemfundisha kazi ya umeme huko Beni.

"Yaya, unaogopa nini?" Kasika aliuliza. "Groupe ya Henri imezimwa. Courant haiko."

Kwao yaya ni dada mkubwa, courant ni umeme, na groupe ni jenereta. Ile ya Henri, jirani yao, ililisha nyumba nyingi za mtaa, na kwa kawaida iliwashwa jioni.

"Na kama Henri anaiwasha sasa hivi? Wewe uko na waya mu mikono! Shuka, mama. Kazi tutafanya pamoja."

Walikwenda kwanza kwa Henri. Akaahidi kutoiwasha hadi wamalize. Hata hivyo, waliporudi, Hadidja alimwonyesha Kasika kisanduku cha umeme ndani ya nyumba.

"Ahadi ya mutu haikate courant. Toa fusibles zote mbili, utie mu mufuko yako. Hapo hakuna mutu atakurudishia courant bila wewe kujua."

Kasika alizitoa fyuzi hizo, akazitia mfukoni. Akapanda tena, safari hii na bisibisi yenye mpini wa plastiki. Kabla ya kufungua nyaya, alifunga uzi kwenye kila mmoja ili asisahau mahali pake. Taa ya zamani ikatoka, imejaa maji na kutu.

Mara injini ikanguruma kwa Henri! Seremala alikuwa amekuja kuomba umeme, na Henri akasahau ahadi yake. Kasika alibaki kama mti, nyaya tupu mbele ya vidole vyake.

"Shuka polepole," Hadidja alisema. Alikwenda kwake, akajaribu kipimo cha umeme kwenye soketi yake: kikawaka, ishara kwamba kilikuwa kizima. Akarudi, akapanda, akakigusisha kwenye nyaya za Kasika, mmoja baada ya mwingine. Hakikuwaka.

Kasika alikaa chini kwenye udongo. "Ningekuwa maiti," alisema.

"Lakini uko muzima. Panda, umalize."

Alipanda. Alikaza kila waya ndani ya kiungio chake kwenye taa mpya, pasibaki shaba inayoonekana nje. Waya aliuingiza kwa chini, ukining'inia kidogo, ili maji yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani. Mpira wa kuzuia mvua aliubana vizuri kuzunguka kifuniko.

"Na kama waya ingekuwa imeungua?" aliuliza.

"Hapo hatuguse. Tunaita fundi."

Jioni mvua ilianza kunyesha. Kasika alirudisha fusibles, akabonyeza swichi. Mlango, ngazi na njia yote hadi bondeni vikang'aa! Wanawake wa mtaa walitoka wamejifunika vitenge, wakapiga vigelegele.

"Nani amefunga taa?" mmoja aliuliza.

"Ni miye!" Kasika alijibu, akicheka, maji yakimtiririka usoni. "Miye na Hadidja!"

Ndipo wakamwona mwanamke mwenye uchungu akipanda kutoka bondeni, amemshika mama mkwe wake, akikanyaga kila ngazi bila kuteleza. Kasika alinawa mikono, akaingia ndani kumpokea.