Hewa Iliyopitia Uani

“Umeniwekea mafuta ya chupa, Laurenti! Usinifanye mtoto mdogo.”

“Mafuta nimejaza kituoni, pale Mingoyo. Nimekwambia mara tatu, Yassini. Unataka niape kwa lipi?”

“Gari nimekupa Jumamosi halina hata kikohozi. Limerudi linatetemeka kama mtu mwenye homa, na taa ya injini inawaka. Sasa nani kaliharibu? Mimi niliyekuwa nimelala?”

Ilikuwa Jumatano asubuhi, shule zimefungwa, na Mitwero nzima ilikuwa na nafasi ya kusikiliza. Bi Mwanaima, aliyekuwa njiani kwenda kuchota maji, aliitua ndoo yake tupu akasimama kabisa asije akapitwa na neno. Katikati ya uwanja lilisimama gari lenyewe, kirikuu cheupe cha kubebea mizigo. Yassini alikipenda kirikuu hicho hata mkewe, Mwahija, akawa anakiita mke mwenzangu.

Laurenti alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Jumamosi aliazima gari akalete ufuta wake kutoka shambani Kitomanga. Alileta nusu tu, gari likaanza kutetemeka. Magunia manane yalikuwa bado shambani, na mnada wa ufuta ulikuwa Ijumaa.

“Basi magunia yangu nitajua mwenyewe,” Laurenti alisema. “Lakini kuniita mwongo mbele ya watu! Kuanzia leo mlango wako siukanyagi.”

“Usiukanyage!”

Bi Mwanaima alishika kiuno. “Ehee! Na Jumapili walikula sahani moja hawa.”

Kibarazani, Warda, binti wa Yassini mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa amekaa karibu na bibi yake aliyekuwa akisuka mkeka. Alishika ukindu mkononi bila kuufanyia kitu. Kila baba yake alipotaja jina la Laurenti, alikitupia jicho kile kirikuu.

Ijumaa iliyopita baba alimtuma akung’ute vumbi kwenye chujio la hewa la gari. Warda aliipenda kazi hiyo kuliko kuosha vyombo, maana alitaka kuwa fundi. Juu ya kifuniko cha chujio ulikatiza mpira mwembamba unaoingia kwenye injini, akauchomoa ili apate nafasi. Alipotaka kuurudisha, klipu ndogo ya chuma inayoubana ilimponyoka ikapotelea mchangani. Alitafuta mpaka akachoka. Mwishowe akachukua ukindu mbichi wa bibi, akaufunga ule mpira kwa fundo la wasusi, fundo ambalo mkeka haufumuki nalo. Injini ikawaka vizuri. Hakumwambia mtu.

Saa nne alifika fundi Getrude kutoka Mingoyo, na bodaboda iliyombeba ilibaki nayo isikilize. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ovaroli iliyofuliwa.

“Shikamoo, fundi,” Warda alisalimia.

“Marahaba, mwanangu. Kaka Yassini, gari limefanyiwa nini tangu taa iwake?”

“Jumapili nilichomoa waya wa betri, taa ikazima. Jana imewaka tena. Kijana mmoja pale mjini kaniambia tukate masega kwenye bomba la moshi, litapata nguvu.”

Getrude alitikisa kichwa. “Kuchomoa betri ni kumziba mdomo anayekuita. Na masega ndiyo yanayosafisha moshi kabla haujafika puani mwa hawa watoto. Injini isipowaka sawasawa, moshi unachafuka na masega yenyewe yanaungua. Ukiyakata, ugonjwa unabaki palepale, ila umewagawia majirani.”

Alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akatazama simu yake. Watu walisogea kana kwamba wataisoma na wao.

“Namba ya hitilafu imetoka,” alisema. “Mchanganyiko ni mwepesi. Hewa nyingi, mafuta kidogo.”

“Si nilisema mafuta!” Yassini alipiga paja. “Mafuta yake ya chupa hayo!”

“Subiri kwanza. Namba haikutaja mafuta mabaya, wala haikumtaja mtu.” Getrude aliwageukia wote. “Chukueni mfano wa harusi. Mlangoni yuko mtu anahesabu wageni, jikoni wanapika kwa hesabu yake. Wengine wakipitia uani, wali hautoshi. Mle ndani ya gari pia kuna sensa, kifaa kinachohesabu hewa, na mafuta yanatolewa kwa hesabu hiyo. Labda jikoni wamepunja, yaani pampu ya mafuta au nozeli inayoyanyunyiza. Labda kuna hewa imepitia uani. Sasa, kabla sijafungua bolti hata moja: nani aliigusa injini kabla taa haijawaka?”

“Hakuna,” alijibu Yassini, kazi ya chujio ya Ijumaa imemtoka akilini. “Ni huyo tu alikuwa nalo.”

Laurenti aliokota kofia yake iliyokuwa juu ya bodi ya gari, akaikung’uta, akaanza kuondoka. Warda alimtazama mgongoni. Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Akinyamaza, yataishia hapo, na yeye ataendelea kugusa gari. Akisema, huenda baba asimruhusu tena hata kushika spana.

“Mjomba Laurenti, usiondoke!” Alisimama, ukindu ukamwanguka. “Ni mimi, baba. Ijumaa nilipoteza klipu ya mpira nikafunga na ukindu. Niliogopa kusema.”

Laurenti aligeuka, akarudi.

“Ukindu?” Yassini aliuliza. “Kwenye injini?”

“Nimekusikia, mwanangu,” Getrude alisema kabla ya baba kupandisha sauti. “Na injini nayo tuisikilize.”

Aliiwasha. Ikawa inatetemeka. Alipokanyaga mafuta ikatulia, alipoachia ikatetemeka tena. “Pampu mbovu ingeonekana zaidi nikikanyaga. Hii inasumbuka nikiachia. Ni tabia ya hewa inayopenya.” Akamwita Warda amwonyeshe ule mpira, akaunyunyizia maji kidogo kwenye kiungo chake. Mara maji yakaziba upenyo, mngurumo ukabadilika, injini ikatulia kidogo, kisha ikarudia kutetemeka.

Getrude alizima gari, akautoa ukindu kwa vidole viwili. Ulikuwa umekauka na kukatika pembeni.

“Joto la injini hilo,” bibi alisema toka kibarazani. “Ukindu bila maji haushiki. Ungeniuliza, mjukuu wangu.”

Getrude alifunga klipu mpya, akafuta namba, kisha yeye na Yassini wakaenda na gari mpaka Mingoyo na kurudi. Liliporudi lilinguruma taratibu, taa haikuwaka, na vipimo kwenye simu vilikuwa vimekaa sawa.

Yassini alishuka, akamwendea Laurenti aliyekuwa amesimama kwenye ukuta wake.

“Nimekuvunjia heshima mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Magunia yako tunakwenda kuyachukua leo hii, mimi na wewe.”

Laurenti alivaa kofia yake. “Yamekwisha,” alisema.

Getrude alimwita Warda. “Kufunga na ukindu si dhambi, hata mimi nimewahi kufunga na kamba ya kiatu. Kosa ni kunyamaza. Fundi akiharibu, anasema palepale, maana akinyamaza, lawama inamwangukia asiyehusika. Na sisi wakubwa tujifunze: taa ikiwaka, tupime kwanza, ndipo tuseme ni nani.” Akamgeukia Yassini. “Huyu usimkataze gari. Mnunulie klipu.”

“Nitamnunulia,” Yassini alisema. “Lakini mwezi huu chujio tunafungua wawili.”

Harufu ya mchuzi wa pweza wa nazi ilikuwa imeshatoka jikoni. Mwahija alimkaribisha fundi, akamwambia Bi Mwanaima aache ndoo aingie, kisha akamwona Laurenti anazunguka nyuma ya nyumba kwa haya, kwa sababu mlango ule alikuwa ameususa.

“Shemeji, unakwenda wapi huko uani?” alimwita. “Pita mlango wa mbele, uhesabiwe. Chakula kipo, karibu ndani.”