Moto wa Njano

Fundi wa majiko ya gesi alikuwa na mikono ya baraka. Ukimwita asubuhi, adhuhuri jiko lako linawaka bluu, mwali umenyooka kama sindano, hauachi doa kwenye sufuria. Lakini jiko la nyumbani kwake, jamani! Mganga hajigangi. Liliwaka njano miezi kumi na moja, na sufuria za mkewe zilikuwa nyeusi kuliko ulimi wangu huu wa umbea.

"Mume wangu, hako kakibati ka kupitishia hewa kamejifunga tu. Dakika mbili."

"Kesho, mama."

Mke anacheka, anasugua masizi. Baadaye akaanza kukohoa, kikohozi cha kubana, kiganja mdomoni, asimwamshe mwenzake anayesinzia kitini.

Siku moja ya mvua alifunga dirisha la jikoni, akabandika maharage. Moto usiopata hewa hutoa sumu isiyo na harufu. Fundi alilijua hilo. Wateja wake aliwaonya kila siku. Aliporudi, maharage yalikuwa mkaa na mkewe yuko sakafuni, amejikunja, kama aliyelala kidogo tu.

Wiki moja baada ya mazishi, alasiri, jua kali nje, fundi alipiga magoti mbele ya jiko lile na bisibisi yake. Akalegeza skrubu, akakisogeza kibati, akakaza. Akawasha. Bluu.

Dada yake mkubwa, aliyekuja kukaa naye, alitazama saa ya ukutani.

"Kumbe kweli ni dakika mbili," akasema.

Fundi akaweka bisibisi chini. Akabandika chai, akageuka kuchukua kikombe. Aliporudisha macho, moto ulikuwa njano.

"Dada, umegusa?"

"Niguse nini, na mimi niko huku mlangoni?"

Akazima, akachungulia. Kibati kimefungwa. Skrubu imekazwa. Akafungua upya. Bluu. Akapepesa macho. Njano.

Mara ya tatu alikibana kibati kwa koleo. Kikageuka humo humo ndani ya koleo. Polepole. Bila haraka.

Wakasikia kikohozi. Cha kubana. Karibu na sikio la fundi.

"Inuka," dada akanong'ona. "Inuka twende, mdogo wangu."

Hakuinuka. Nje angeenda kufanya nini? Msamaha aliokuwa akiutaka ulikuwa humu.

"Nilikuwa nakusikia," akanong'ona. "Kila siku, mama. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa mvivu tu."

Mwali ukatetemeka. Ukashuka. Ukawa bluu, wenyewe.

Dada akamburuta hadi uani, akamvua shati lililolowa jasho. Shati lilikuwa jeupe, safi. Masizi yalikuwa ndani, kwenye ngozi ya mgongo: kiganja kidogo cha mwanamke.

Wamesugua kwa sabuni, kwa mchanga, hata kwa mafuta ya taa. Hakitoki.

Mtu hauoni mgongo wake. Kila jioni fundi humuuliza dada yake kiganja kimekaaje, naye humjibu, "Kama cha mtu aliyekukumbatia." Hapo fundi hulia kidogo, akapata usingizi.

Sisi majirani dada ametuambia mengine, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Vidole vimeelekea juu, vimetanuka, na kiganja kimekandamizwa katikati kabisa ya mgongo, kama cha mtu aliyesimama nyuma yako, akikusukuma kwenye moto.