Bastola ya Shemeji Ilivyonitenganisha na Mume Wangu
Nina umri wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu. Ni mke wa mtu, ila mume wa kumpakulia chakula sina... Baba Neema yuko gerezani China!

Tulikuwa tunafuata nguo Guangzhou, tumepanga chumba mtaa wa Sanyuanli. Siku moja kaka yake mkubwa, shemeji yangu Gasto, akapiga simu toka Mwanza. Anataka bastola ya kizamani ya kupamba ukuta wa baa yake. Eti China kinakosekana nini?

Mimi roho ilikataa. Nikamwambia mume wangu silaha ni silaha. Akanicheka! Kile ni chuma chakavu tu, na kaka ndiye aliyemsomesha, atamkataliaje?

Mzee mmoja muuza saa na kamera kuukuu, karibu na barabara ya Yide Lu, akatutolea moja iliyofungwa kwenye taulo. Sasa sisi wafanyabiashara mnatujua: mzigo haununuliwi bila kukaguliwa, na mteja lazima aone video. Nikashika simu, nikarekodi.

Jamani, mume wangu aliwahi kuwa mlinzi wa mgodi, silaha anazijua! Akachungulia mtutu kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa kutu, akavuta triga huku anasikiliza springi. Mpini umelika, akasema, lakini ndani haijachoka.

"Kaka, hii bado inaua!" akacheka kwenye kamera.

Nikamtumia shemeji. Akajibu, "Chukueni." Tukachukua.

Kesho yake polisi hao mlangoni... Yule mzee alikuwa ameshakamatwa, akatutaja. Mume wangu akajitetea kwamba alidhani ni pambo tu. Wakafungua simu yangu, mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Hata lile la "bado inaua"! Ukaguzi wenyewe ndio uliomfunga!

Nikampigia shemeji, nikamsihi aeleze kuwa yeye ndiye aliyeagiza. Akasema habari hiyo haijui, kisha akaniblok. Ndugu wa tumbo moja! Hukumu ikatoka, yeye akafungwa, mimi wakaniachia, nikarudi nyumbani peke yangu. Juzi nimepita mbele ya baa yake, muziki unalia, watu wanacheka. Nililia barabarani bila kujali nani ananitazama.

Wasomaji wenzangu, ugenini msinunue kitu kwa kumwonea ndugu aibu. Kabla ya kuuliza kama ni kizima, ulizeni kama kinaruhusiwa. Na nyie mnaowaagiza wenzenu... siku wakikamatwa, nawaomba, pokeeni simu!